Homurani 117 tu, lakini kura 393 kati ya 394: ukubwa wa Ichiro Suzuki uko wapi?

SWALI: Nasaidia kufundisha besiboli vijana wa sekondari hapa Dar es Salaam. Wamesikia kwamba Ichiro Suzuki aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la Marekani mwaka 2025 na akakosa kura moja tu. Tulipotazama takwimu zake tukakuta homurani 117 kwa miaka 19, wakati Barry Bonds, mwenye rekodi ya homurani, anazo 762. Vijana wanauliza alifanya nini hasa, na kama zile hiti 4,367 zinamweka juu ya Pete Rose, mwenye rekodi ya hiti. Naomba jibu la kina, na unielekeze matukio gani niwaonyeshe na nini wakijaribu uwanjani.

JIBU: Ndugu mwalimu, vijana wako wameuliza vizuri, ila wameanza na safu ambayo kwa Ichiro haina mengi. Homurani kwa kawaida ni mpira unaovuka uzio, na mpigaji anazunguka vituo vyote. Ni njia moja ya kuleta pointi. Ichiro alikuwa mpigaji wa kwanza kwenye orodha ya timu, na kazi ya huyo ni kufika kituo cha kwanza, kuwasumbua walinzi, kisha kurudi nyumbani, yaani pale alipopigia, wenzake wanapopiga. Tena alikuwa mlinzi wa nje upande wa kulia, nafasi inayodai mkono wenye nguvu kuliko walinzi wote wa nje. Kwa hiyo mpime kwa mambo matatu: hiti, miguu na mkono. Hiti, kwa wasiozoea, ni pale mpigaji anapoupiga mpira na kufika kituoni salama bila walinzi kufanya kosa.

Alizaliwa Oktoba 1973, mkoa wa Aichi, Japani. Shuleni alikuwa mrushaji, ndipo ulipotoka ule mkono. Timu ya Orix BlueWave ya Kobe ilimchagua katika raundi ya nne tu ya uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 1991, na misimu yake miwili ya mwanzo alikaa zaidi kwenye timu ya akiba. Sababu ilikuwa mtindo wake. Alipiga kwa mkono wa kushoto huku akiuinua mguu wa kulia na kuuyumbisha kama timazi la saa kabla ya kuutua, na kocha mkuu wa wakati huo hakuuamini. Mwaka 1994 akaja kocha Akira Ogi, akamwacha apige anavyopiga, na akaagiza jezi yake iandikwe "Ichiro" badala ya Suzuki, kwa kuwa akina Suzuki Japani ni wengi mno. Msimu huohuo alipata hiti 210 katika mechi 130. Hakuna aliyekuwa amefika 200 katika ligi ya Japani. Rekodi ya awali ilikuwa 191 za Fumio Fujimura, tangu 1950. Kuanzia hapo alichukua taji la wastani bora wa kupiga (hiti zikigawanywa kwa mapigo) miaka saba mfululizo, 1994 hadi 2000, akawa Mchezaji Bora wa Ligi ya Pasifiki, moja ya ligi mbili za Japani, mara tatu, na mwaka 1996 Orix wakatwaa ubingwa wa Japani.

Seattle Mariners walilipa Orix takriban dola milioni 13.1 kwa ajili ya haki ya kuzungumza naye tu. Mkataba wake ulikuwa fedha nyingine. Warushaji wa Kijapani walikuwa wameshajulikana Marekani, hasa Hideo Nomo tangu 1995, lakini mpigaji hakuwahi kutoka ligi ile na kucheza huko. Mwaka 2001 walifungua njia wawili, yeye na Tsuyoshi Shinjo wa New York Mets. Wengi walidhani mwili wake mwembamba, urefu wa sentimita 180, usingehimili mipira ya kasi ya Marekani.

Mwaka huo wa kwanza alipata hiti 242, wastani wa 0.350, akaiba vituo 56, yaani alikimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe. Aliongoza Ligi ya Amerika, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu ya Marekani, kwa wastani wa kupiga na kwa kuiba vituo kwa pamoja, jambo ambalo hakuna mchezaji wa Ligi Kuu aliyelifanya tangu Jackie Robinson mwaka 1949. Alipewa tuzo ya Mchezaji Bora na ya Mchezaji Mpya Bora msimu mmoja. Kabla yake aliyewahi kufanya hivyo ni Fred Lynn peke yake, mwaka 1975. Mariners walishinda mechi 116, wakaifikia rekodi ya Chicago Cubs ya 1906. Kwenye mchujo wa kutafuta bingwa, dhidi ya Cleveland, alipata hiti 12 katika mapigo 20. Walikuja kutolewa na Yankees, na hiyo ndiyo mara pekee Ichiro alicheza mchujo akiwa na Seattle.

Sasa wakalishe vijana kwenye msimu wa 2004, maana hapo ndipo penye jibu lenu. Rekodi ya hiti nyingi kwa msimu mmoja ilikuwa 257, ya George Sisler, iliyowekwa mwaka 1920. Ilikuwa imedumu miaka 84. Ichiro alianza msimu taratibu, kisha akapata hiti 50 mwezi Mei, 51 Julai na 56 Agosti. Oktoba 1, nyumbani Seattle dhidi ya Texas Rangers, aliifikia na kuivuka jioni moja, binti yake Sisler mwenye miaka 81 akiwa jukwaani anatazama. Alimaliza na 262, wastani wa 0.372. Rekodi hiyo haijavunjwa. Haki ya Sisler itajwe pia: msimu wake ulikuwa wa mechi 154, Ichiro alicheza 161.

Zichambue hizo 262. Homurani ni 8. Zilizompeleka kituo cha tatu ni 5, cha pili ni 24. Zilizobaki, 225, ni hiti za kituo kimoja, na hiyo nayo ni rekodi ya Ligi Kuu. Msimu ule Mariners walipoteza mechi 99, kwa hiyo hakubebwa na timu. Alizipata moja moja, nyingi zikiwa mipira ya chini ambayo kwa mpigaji mwingine ingekuwa kutolewa kwa kawaida.

Alizipataje? Kutoka nyumbani hadi kituo cha kwanza ni mita 27.43. Anayepiga kwa kushoto husimama upande wa karibu na kituo hicho, kwa hiyo ana faida ya hatua moja hivi. Mkimbiaji wa kushoto akitumia sekunde 4.0 anahesabiwa mwepesi sana. Ichiro alipimwa akitumia takriban 3.7. Hizo sehemu tatu za kumi ya sekunde ni kama mita mbili za mbio. Mlinzi wa kati ya kituo cha pili na cha tatu akiuokota mpira vizuri, akageuka na kuurusha bila kosa, bado anachelewa. Akijua anachelewa, anaharakisha. Akiharakisha, mpira unamponyoka. Hivyo walinzi walisogea mbele hatua mbili tatu Ichiro aliposhika gongo, na wakisogea mbele, mwanya kati yao unapanuka na mpira mkali unapita kabla hawajanyoosha mkono. Kasi yake ilifanya kazi hata kabla hajapiga.

Vijana wakitazama video zake hudhani alianza kukimbia kabla ya kupiga, na wakimwiga hivyo wanaharibu. Simamisha picha pale gongo linapokutana na mpira. Mwili umeshasogea mbele, uzito uko juu ya mguu wa kulia, lakini mikono bado iko nyuma karibu na bega, na kichwa kimetulia kinatazama mpira. Mikono inafyatuka mwisho kabisa. Mguu wa nyuma, wa kushoto, unavuka baada ya mpira kuguswa. Kijana anayeiga bila kuelewa huachia vyote kwa pamoja: kiuno kinafunguka mapema, kichwa kinainuka kutafuta kituo, gongo linaburutwa nyuma ya mwili, na mpira unakwenda nje ya mstari au unadunda kilegevu kwa mlinzi wa kituo cha kwanza.

Dawa ni mpira uliotuama. Uweke juu ya kijiti usawa wa kiuno. Apige mara 20 bila kukimbia, mguu wa nyuma ukibaki chini hadi gongo limalize mzunguko. Kisha mara 10 akipiga na kuchukua hatua mbili tu. Halafu ndipo akimbie mita zote 27, wewe ukiwa na saa. Anza kuhesabu gongo linapogusa mpira, simamisha mguu unapokanyaga kituo. Mtoto wa miaka 15 akitumia sekunde 4.7 asivunjike moyo. Angalia tu kama wiki ijayo zimepungua. Na akanyage ukingo wa mbele wa kituo, akipita kwa kasi ileile. Wanaoruka hatua ya mwisho hupoteza muda hewani.

Mkono wake sasa. Tukio la kuwaonyesha ni la Aprili 11, 2001, kwenye uwanja wa Oakland, zamu ya nane kati ya tisa za mechi. Ilikuwa wiki yake ya pili tu Ligi Kuu. Terrence Long wa Oakland alikuwa kituo cha kwanza, mwenzake Ramón Hernández akapiga mpira wa chini ukapita upande wa kulia. Kwa desturi ya mchezo huo ni mpira wa kumfikisha mkimbiaji kutoka kituo cha kwanza hadi cha tatu, na Long alikuwa mwepesi, kwa hiyo hakukosea kukata shauri la kukimbia. Ichiro aliukimbilia mpira kwa mbele, akauokota, akaurusha. Ulikwenda zaidi ya mita 60 kwa mstari ulionyooka, chini chini, haukudunda, ukaingia kwenye glovu ya David Bell, mlinzi wa kituo cha tatu wa Seattle, pale pale kwenye kituo. Long alijikuta anateleza kuuelekea mkono uliokwisha kuushika mpira.

Rudisheni video nyuma mtazame miguu. Mkimbiaji anayetoka kituo cha kwanza hadi cha tatu ana karibu mita 55 mbele yake. Mpira wa kasi hutumia kama sekunde mbili hewani kwa umbali ule, kwa hiyo mlinzi wa nje hashindi kwa nguvu za bega peke yake, anashinda kwa muda anaouokoa kabla ya kurusha. Ichiro hakuusubiri mpira umfikie. Aliupokea akiwa tayari anasonga mbele kuelekea kituo cha tatu, akaruka hatua moja fupi kuipanga miguu, na mwendo wote wa mwili ukaingia kwenye mkono. Mlinzi anayesimama, anainama, anainuka, halafu anageuka, ameshampa mkimbiaji mita kumi za bure.

Makosa nitakayoyataja hapa ni yale yanayowapata karibu vijana wote. La kwanza ni kuushika mpira visivyo: vidole viwili vikikaa sambamba na mishono, mpira unapinda njiani. Vidole vikatize mishono, dole gumba chini, uende umenyooka. La pili ni kuurusha juu kama mwezi mwandamo ili ufike mbali; unafika, lakini mkimbiaji ameshakaa. Mwambie alenge kichwa cha mwenzake aliyesimama njiani kuupokea, hata kama anadhani atapitiliza. Afadhali mpira udunde mara moja mbele ya kituo kuliko kuelea. La tatu ni la makocha: kuwarushisha mita 60 watoto ambao bega bado halijakomaa. Waanzie mita 25 hadi 30, mirusho 15 hivi ya nguvu kwa siku, baada ya kupasha mwili, na mapumziko siku inayofuata.

Baada ya tukio lile wakimbiaji wa timu nyingine walianza kusimama kituo cha pili, na hapo takwimu hudanganya. Safu ya "kusaidia kumtoa mkimbiaji" inahesabu waliothubutu wakatolewa. Wasiothubutu hawaandikwi popote, ingawa kila mmoja wao ni kituo kilichookolewa. Ichiro alipewa Glovu ya Dhahabu, tuzo ya ulinzi bora, miaka kumi mfululizo, 2001 hadi 2010. Na usahihi wa uamuzi wake ulionekana hata alipokuwa yeye ndiye mkimbiaji: mwaka 2006 aliiba vituo 45 akakamatwa mara 2 tu. Kwa jumla aliiba 509.

Miaka hiyohiyo kumi, kila msimu, alipata hiti 200 au zaidi. Willie Keeler alikuwa amefanya hivyo misimu minane mfululizo, 1894 hadi 1901. Pete Rose alikuwa na misimu kumi ya aina hiyo, lakini haikufuatana. Kwangu mimi hiki ndicho kilele cha kazi yake, kuliko hata 262, kwa sababu msimu mmoja mwili unaweza kukubali kila kitu. Kumi haiwezekani bila nidhamu ya kila siku. Watazame anavyojinyoosha akiwa nje uwanjani, kati ya mrusho na mrusho. Hata anapoingia kupiga, gongo linasimama wima mkono wa kulia kuelekea kwa mrushaji, mkono wa kushoto unavuta kidogo mkono wa jezi. Ni vilevile mwaka 2001 na vilevile 2018.

Kuhusu Pete Rose, jibu langu ni kwamba msizijumlishe. Rose ana hiti 4,256, zote za Ligi Kuu ya Marekani, na rekodi rasmi ni yake. Ichiro ana 3,089 za Marekani na 1,278 za Japani, ndiyo hiyo 4,367. Juni 15, 2016, kule San Diego, jumla yake ilivuka ya Rose, na Rose mwenyewe hakukubali, akisema kwa hesabu hiyo basi na zake za ligi za chini zihesabiwe. Ligi ya Japani si ya chini kwa maana hiyo, ila si ile ile. Mimi ningewaonyesha vijana hesabu nyingine. Katika misimu tisa ya Japani, miwili akiwa hachezeshwi sana, alipata 1,278 kwenye ligi yenye mechi kama 130 kwa mwaka. Katika misimu tisa ya kwanza ya Marekani, yenye mechi 162, alipata 2,030. Na hiyo ya kwanza Marekani aliianza akiwa na miaka 27, umri ambao Rose alikuwa ameshacheza Ligi Kuu misimu kadhaa. Kila mtu ajitafutie jibu, lakini ajue anachokilinganisha.

Na wasifichwe upungufu wake. Ichiro hakupenda kuuacha mpira upite: katika zamu zaidi ya 10,700 za kupiga alipewa kituo cha bure, yaani kwa mrushaji kurusha mipira minne mibaya, mara 647 tu. Bonds alipewa mara 2,558. Ndiyo maana mwaka ambao hiti zilipungua, kama 2011 alipoishia 184, hakuwa na njia nyingine ya kufika kituoni. Nguvu nayo haikuwa nyingi, japo Septemba 2009 alimpiga Mariano Rivera, mrushaji maarufu wa Yankees, homurani ya kumaliza mechi, na waliomfanyia Rivera hivyo ni wachache. Mchezaji wa aina ya Bonds analeta pointi nyingi zaidi kwa zamu. Hilo ni kweli na kura hazilifuti. Hata hivyo Bonds, kwa tuhuma za dawa za kuongeza nguvu, hakuwa Cooperstown, yaani kwenye Jumba la Heshima, siku Ichiro alipoingia.

Matukio mengine nitayapitia kwa haraka. Mechi ya Nyota ya 2007, San Francisco: mpira wake uligonga ukuta wa kulia ukadunda kwa upande usiotarajiwa, akazunguka vituo vyote; homurani ya kwanza ya ndani ya uwanja katika historia ya mechi hiyo. Fainali ya mashindano ya dunia ya timu za taifa, Machi 2009, Dodger Stadium, dhidi ya Korea Kusini: 3-3, zamu ya kumi, wawili wameshatolewa, na yeye mashindano yote alikuwa anasuasua, akapiga katikati, wawili wakaingia, Japani 5-3. Agosti 7, 2016, Denver, akiwa na Miami Marlins: hiti ya 3,000 ya Ligi Kuu, iliyomfikisha kituo cha tatu, akawa mchezaji wa 30 kufika idadi hiyo.

Moja lipeni muda. Oktoba 8, 2012, Baltimore, mchujo, amevaa jezi ya Yankees, ana miaka 38. Anakimbilia nyumbani na mpira umemtangulia mbali. Mdakaji Matt Wieters anao mkononi, anamsubiri. Ichiro anapinda nje, anakwepa mguso wa kwanza, anampita, anarudi kwa upande wa pili, anaruka juu ya mkono unaomfuata, na kugusa sahani, yaani kituo cha nyumbani, kwa mkono. Salama. Wafundishe hapo kwamba mdakaji alisogea kumfuata akaiacha sahani wazi. Yankees walipoteza mechi ile 3-2, lakini tukio lile lina somo kwa mkimbiaji na kwa mdakaji pia.

Januari 21, 2025, waandishi 393 kati ya 394 walimpigia kura, wakati kinachohitajika ni asilimia 75. Anayejulikana kupata kura zote ni Rivera peke yake, 2019. Ichiro akawa wa kwanza kuzaliwa Japani kuingia Cooperstown akiwa mchezaji, na Agosti 2025 Mariners wakaistaafisha jezi yake namba 51.

Mwisho waonyeshe zamu yake ya mwisho kabisa, Machi 21, 2019, Tokyo Dome, Seattle dhidi ya Oakland. Ana miaka 45. Anapiga mpira wa chini kuelekea kwa Marcus Semien, mlinzi wa kati ya kituo cha pili na cha tatu, ule ule uliompa mamia ya hiti. Semien anauokota, anarusha haraka. Wekeni saa, kisha simamisheni picha mguu unapofika kwenye kituo: ametolewa kwa nusu hatua.